Kitufe cha "Hapana" Kimekwenda Wapi?

Kazi yangu ni kusikiliza rekodi na kuandika yaliyosemwa: mahojiano, mikutano, mihadhara ya saa nzima. Chombo ninachokitegemea kuliko vyote ni pedali ya mguu. Nikiikanyaga sauti inakwenda, nikiiachia inasimama na kurudi nyuma kidogo, na mikono haitoki kwenye kibodi. Ni ya zamani, na mtengenezaji aliacha kitambo kuitolea draiva mpya (programu ndogo ya kuifanya ielewane na kompyuta), lakini ilikuwa inaelewana vizuri na kompyuta yangu. Kisha usiku mmoja kompyuta ikajipandisha toleo jipya la mfumo endeshi, ile programu kuu inayoendesha kompyuta nzima. Asubuhi nikakanyaga pedali, kimya.

Naambiwa toleo jipya ni zuri zaidi, lina kasi na linapendeza. Huenda ni kweli. Mimi ninachotaka ni kuulizwa, na nikishajibu, jibu langu lisikike. Dirisha lenye vitufe viwili, "Sasa" na "Baadaye", halijaniuliza kitu. Limeshaamua, limeniachia kuchagua saa tu.

Kisa kilichowakera watu wengi duniani ni cha Windows 10, mfumo endeshi wa Microsoft. Ilitoka tarehe 29 Julai 2015, na wenye Windows 7 na 8.1 walipewa mwaka mzima wa kuhamia bure. Bure si vibaya. Lakini wapo waliokuta faili za toleo hilo zimeshapakuliwa kwenye kompyuta zao bila wao kuziomba, hadi GB 6, zimekaa kwenye folda iliyofichwa. Kwa mtu anayenunua data kwa kipimo, hiyo ni pesa yake iliyotumika bila ridhaa. Mwaka 2016 ikaja ile ya alama ya X. Tangu tujue kompyuta, X ni kufunga dirisha na kuachana na jambo. Safari hii mtu aliyebonyeza X kwenye dirisha la ofa hiyo alihesabiwa kuwa ameikubali ratiba ya kuhamishwa. Mwanamke mmoja wa California, ambaye kompyuta ya biashara yake iliharibikiwa ilipojaribu kujipandisha Windows 10 ambayo alisema hakuiruhusu, alikwenda mahakama ya madai madogo na kulipwa dola 10,000. Kitufe cha wazi cha kukataa kilitangazwa mwishoni mwa Juni 2016, mwezi mmoja tu kabla ofa yenyewe haijafungwa!

Linaloniuma zaidi ni usalama, kwa sababu hapo ndipo wanaotulazimisha wanaposimamia hoja yao, na nusu ya hoja hiyo ni kweli. Mei 2017 virusi vya WannaCry vilipenya kwenye tundu la usalama la Windows, vikafunga faili za watu na kudai fidia, hospitali za Uingereza zikaahirisha matibabu. Kiraka, yaani sasisho dogo la kuziba tundu lile, kilikuwa kimetoka tangu Machi. Aliyekiweka alikuwa salama, hata kama bado alikuwa kwenye Windows 7. Naomba hilo lisomwe mara mbili: kilichomkinga ni kiraka kidogo, wala hakuhitaji kubadilishiwa mfumo mzima. Sasa viraka na matoleo mapya vikipitishwa mlango mmoja, mtu aliyeumizwa na toleo jipya ataufunga mlango wote. Nawajua wanaozima masasisho yote kabisa kwa hofu hiyo, na kila nikiwasihi wawashe hunionyesha printa isiyochapa au programu ya hesabu isiyofunguka. Siwezi kuwalaumu.

Kurudi nyuma nako kuna saa inayohesabu. Windows 10 mwanzoni ilitoa siku 30 za kurejea toleo la zamani, baadaye zikapunguzwa kuwa 10. Nani anajaribu vifaa vyake vyote ndani ya siku 10? Skana ya kufungia mahesabu ya mwaka hutolewa kabatini mwisho wa mwaka.

Dirisha ninalolitaka mimi ni rahisi kulitengeneza. Linitajie ukubwa wa faili kabla ya kupakua chochote. Likague vifaa vyangu na kuniambia kwa jina kipi hakitafanya kazi. Viraka vya usalama viendelee kuja kwa mkondo wao hadi siku ya mwisho iliyoahidiwa, nikubali toleo jipya nisikubali. Na chini kabisa, kwa maandishi ya ukubwa uleule: Ndiyo, Baadaye, Hapana, na usiniulize tena.