Bia Nyeusi za Birikani, Newala

Maji ni shida ya siku nyingi kwenye uwanda wa Makonde, ndiyo maana nyumba nyingi za Newala zina birika la kukinga mvua inayotiririka kutoka kwenye bati. Birika la mjomba wangu lilipopata ufa na mafundi wakashindwa kuliziba, yeye, ambaye alijifunza kupika bia enzi za ajira yake Dar es Salaam, alitia ngazi ndani akaligeuza stoo ya chupa zake.

Kipupwe cha mwaka 2016 aliniita nikaonje. Mle chini kulikuwa na giza na ubaridi usiobadilika, na chupa zilisimamishwa wima ili mashapo ya hamira yatuame kitakoni. Jirani mmoja, mpenzi wa uraka, pombe ya mabibo, ambao ukilala hadi kesho huwa umeshachachuka, alitucheka kwamba tunafukua pombe kama wachawi.

Chupa ya kwanza, bia nyeusi ya kawaida yenye kilevi cha asilimia 5 hivi, ilikuwa imeharibika kabisa. Povu lilichungulia likazama, na mdomoni ikabaki ladha ya boksi lililolowa, kwa kuwa hewa iliyonaswa shingoni mwa chupa huila bia polepole, na bia nyepesi haiwezi kuihimili. Mjomba aliimwaga kwenye shina la mpapai bila kusema neno.

Kisha akafungua mbili za bia kali ya aina moja, ya asilimia 9, jamii ya zile zilizopikwa London karne ya 18 na kusafirishwa hadi Urusi: moja changa, nyingine ya miaka mitatu. Ile changa ilikuwa chungu, ikiwasha koo, na shayiri yake iliyokaangwa ilinuka moshi. Ile kongwe, aliyoimimina taratibu akiinamisha glasi na kuacha mashapo nyuma, uchungu wa hopsi, yale maua yanayotiwa kwenye bia, ulikuwa umepungua, na mahali pake palikuja zabibu kavu, tende na sukari guru. Sijawahi kunywa bia ya dukani iliyoifikia, na jirani yetu alinyoosha glasi mara ya pili bila kukaribishwa.

Niliomba chupa moja changa nikaihifadhi kwangu Mtwara mjini. Mjomba alikataa katakata.

“Joto la pwani litaizeesha vibaya, mjomba,” alisema, akiliwekea birika kufuli. “Ukiitaka, panda huku.”