Pawa hekso: mashine ya polepole ambayo bado naitetea

Ukiingia karakana yoyote yenye umri kidogo, iwe ya chuo cha ufundi, ya reli au ya kiwanda cha sukari, tupa jicho kwenye kona ile wanakoshushia vyuma, mara nyingi utaikuta mashine moja imejaa grisi na vumbi, ina mkono mrefu umeshika bledi pana, unaenda unarudi, unaenda unarudi, na hakuna mtu aliyesimama karibu nayo. Hiyo ndo pawa hekso, msumeno wa chuma unaoendeshwa na mota. Vijana wengi siku hizi wanaiona kama skrepa iliyosahaulika kuuzwa, maana wao wana grenda, na grenda inapiga kelele inatoa cheche mpaka barabarani, bosi akipita anaona kazi inafanyika. Mimi niko upande wa huyu mkongwe na leo naeleza kwa nini, na njiani nitapitia historia yake maana kuna watu wa ajabu humo.

Tuanze na mkono wa mtu. Hekso ya kawaida meno yanaangalia mbele, unasukuma kwa uzito, ukirudi unalegeza. Hapo kwenye kulegeza ndo fundi anajulikana. Mgeni anakandamiza kwenda na kurudi, anadhani anafaidi mara mbili, kumbe ile ya kurudi meno yanaburuzwa kinyume na bledi inakuwa butu kabla shafti haijafika nusu. Afu anaenda mbio, mapigo mia na ushee kwa dakika kwa urefu wa vidole vinne tu vya bledi, katikati panakwisha na kuwaka moto, pembeni meno mapya kabisa. Mapigo 40 mpaka 60 kwa dakika yanatosha, na bledi itumike yote. Mzee mmoja aliyenifundisha alikuwa na sentensi moja tu, "Mwanangu, usiusukume, upeleke," na mtu akianza kuhema anamnyang'anya msumeno bila maneno.

Sasa karne ya 19 viwanda vya Ulaya na Marekani vilikuwa vinakula vyuma vya mviringo kwa tani, shafti, ekseli, boliti, kila kitu kinaanzia kwenye kipande kilichokatwa, na aliyekata alikuwa mtu na mkono wake, au mhunzi na tindo. Kuunganisha hekso na injini ya stimu haikuwa fumbo, gurudumu lenye pini pembeni, pini inasukuma fimbo, fimbo inasukuma fremu, basi mzunguko umegeuka kuwa kwenda na kurudi. Hiyo hesabu ya zamani sana. Kazi ngumu ilikuwa ile ya yule mzee, yani utaifundishaje mashine kulegeza mkono ikirudi? Na utaiambiaje chuma hiki ni laini bonyeza, hiki kigumu tulia?

Mashine za mwanzo zilijibu kwa kutundika jiwe la uzito kwenye mkono, unalisogeza mbele au nyuma kuongeza au kupunguza mgandamizo, inatosha. Ila uzito ni uzito, unabonyeza saa zote, ukienda unabonyeza ukirudi unabonyeza, kosa lile lile la fundi mgeni limewekewa mota. Ndo maana baadaye wakaweka kamu, yani vigurudumu visivyo duara kamili, za kuinua mkono wakati wa kurudi, na bora zaidi, haidroliki. Pampu ndogo ya mafuta inaendeshwa na mashine yenyewe, wakati wa kukata mafuta yanashusha mkono kwa nguvu uliyochagua kwenye valvu, wakati wa kurudi yanauinua, siyo sana, milimita chache tu, meno yasiguse. Ukisimama pembeni ukaangalia kwa makini utauona ule mkono unavyopumua, unainuka kidogo unashuka, unainuka unashuka, na mimi kila nikiuona nasema huyu ni yule mzee kabisa.

Mojawapo ya majina yaliyotikisa kwenye hizi za haidroliki ni Charles Wicksteed wa mji wa Kettering, Uingereza. Huyu bwana alizaliwa 1847, akaanza na biashara ya kulimia watu mashamba kwa plau za stimu, baadaye akafungua kiwanda na misumeno ya chuma ya mashine ikawa kati ya bidhaa zake kubwa, hata gia boksi za magari aliwahi kuhangaika nazo. Mzee ana hela, ana kiwanda, ana mabomba ya chuma, akanunua eneo akaanza kutengeneza paki ya watu wa mji wake. Kulikuwa na sherehe ya watoto wa shule ya Jumapili, yeye akafungafunga mabomba yakawa bembea za siku hiyo tu. Watoto wakazigombania mpaka ikaonekana haziwezi kuondolewa. Paki ilifunguliwa 1921, hapo kiwanda kikaanza kutengeneza bembea na materemko ya watoto na kuuza nje nje, na leo ukiuliza Wicksteed kwao wengi watakwambia bembea, hawatakwambia msumeno. Alikufa 1931. Mimi huwa nafurahi sana na hii stori maana inanionesha mtu ambaye kukata bomba kwa urefu sawa ilikuwa kazi ndogo kwake, na mtu akishaweza kukata vipande sawa sawa bila jasho anaanza kuwaza mambo mengine.

Lakini wadau, nusu ya maendeleo ya hii mashine haiko kwenye mashine. Iko kwenye bledi.

Chuma cha kaboni cha zamani, kile ambacho bledi na visu vya mashine vilitengenezwa nacho, kikifika joto la nyuzi 200 na kitu kinaanza kupoteza ugumu. Kwa hiyo hata ukiwa na mota ya nguvu vipi lazima uende taratibu, ukiongeza mwendo meno yanalainika yanalala. Mwaka 1868 Muingereza mmoja, Robert Mushet, akatoa chuma chenye tangisteni, metali ngumu sana, ambacho kilijigandisha ugumu chenyewe kikipoa hewani, na mchanganyiko wake aliuficha kama mganga anavyoficha dawa. Afu wakaja Frederick Taylor na Maunsel White pale Bethlehem Steel, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1890. Taylor huyu ndo yule yule wa kusimama na saa akihesabu sekunde za wafanyakazi, kwa hilo sina hamu naye, ila kwenye kukata chuma mnyonge mnyongeni. Walichukua vyuma vya aina ya Mushet wakavichoma kwenye joto kali mno, karibu na kuyeyuka, joto ambalo kila mhunzi wa wakati ule angekwambia umeshaharibu chuma. Badala ya kuharibika kikawa kinakata kikiwa chekundu.

Chuma hicho walikipeleka kwenye maonesho ya Paris ya 1900. Watu wakasimama wanaangalia leithi, mashine ya kukereza, inakereza chuma, ncha ya kisu imewaka nyekundu na machicha yanatoka ya bluu, na kisu bado kina makali. Mainjinia wa Ulaya walirudi kwao wakiwa hawana usingizi, maana mashine zao zote zilikuwa zimeundwa kwa mwendo wa chuma cha zamani, sasa kisu kimekuwa na nguvu kuliko mashine iliyokishika. Ikabidi leithi zitengenezwe upya, fremu nzito zaidi, gia zenye nguvu, mota kubwa. Mwaka 1906 Taylor akatoa ripoti ya majaribio yake ya miaka 26, vyuma vilivyogeuzwa machicha kwenye hayo majaribio vilizidi ratili 800,000, ukipiga hesabu hapo ni zaidi ya tani 360 za machicha. Huko kwetu hiyo ni akiba ya uzeeni ya muuza skrepa.

Hicho chuma ndo tunachokiita hai spidi, HSS, herufi utaziona zimechapwa kwenye bledi na kwenye biti za drili. Kinavumilia mpaka karibu nyuzi 600. Shida yake bledi ikiwa hai spidi nzima ni kwamba ni ngumu ila inavunjika kama kigae, ukiipinda kidogo imekwenda. Jibu lilikuja miaka ya 1960, bledi ya vyuma viwili, mgongo wa chuma cha springi unaopindika, ukingo wa meno tu ndo hai spidi, na hivyo viwili vinaungwa kwa miale ya elektroni, welding ambayo fundi wa mtaani haioni hata kwa ndoto. Ukishika bledi nzuri ya kisasa ukaiinamisha kwenye mwanga utaona mstari mwembamba chini ya meno, hapo ndo viwili vilipokutana. Ukinunua feki huo mstari unaweza kuwa umechorwa kwa rangi, nimeshauziwa.

Mshindani mkubwa wa pawa hekso siyo grenda kwa kweli, ni bandi soo, msumeno wa mkanda. Wazo lake ni la mwanzoni mwa miaka ya 1800 huko Uingereza, mkanda wa meno unaozunguka magurudumu mawili, ila ulilala miaka mingi kwa sababu ya kitu kimoja tu, hakuna aliyeweza kuunga ncha mbili za mkanda zikashika. Wafaransa ndo wakalitatua katikati ya karne ile kwa ajili ya mbao. Kwa chuma, ile bandi soo ya kukatia maumbo ilikuja 1933, Leighton Wilkie kule Minneapolis, Marekani, alipoitoa. Faida yake iko wazi, inakata muda wote, haina safari ya kurudi tupu, na njia inayoiacha kwenye chuma ni nyembamba. Ukiokoa milimita moja kila unapokata na una vipande 1,000 vya kukata, umeokoa mita nzima ya shafti. Viwanda vikubwa vilihamia huko na mimi siwalaumu.

Ila kwa karakana zetu hizi? Mkanda ukikatika unahitaji mashine ya kuunga au uagize mwingine kwa kipimo chako, vile vishikizo vinavyouongoza mkanda vikilegea kidogo inakata mshazari. Bledi ya pawa hekso ni kipande kilichonyooka, pini au boliti mbili, unakaza, unaendelea. Meno yenyewe ni manene, manne mpaka kumi na manne kwa inchi kutegemea unakata nini, kanuni ni kwamba angalau meno matatu yawe ndani ya chuma wakati wote. Ndo maana ukiweka bledi ya meno makubwa kukata bomba jembamba yananyofoka yote kwa mpigo mmoja, jino moja linaangukia ndani ya ukuta wa bomba likanasa, basi.

Na grenda. Ya kwanza ya spidi kubwa, hii ya kichwa cha pembeni, ilitoka 1954 Ujerumani, kampuni ya Ackermann + Schmitt, watu wa FLEX. Ni chombo kizuri sana, kwa nondo, kwa angle, kwa geti, sina ugomvi. Ila kile kinachoitwa kukata pale ni kusaga na kuunguza. Chukua shafti ya chuma kigumu kidogo ya inchi 3, ikate kwa jiwe, angalia uso wake, umekuwa wa bluu na mweusi. Pale chuma kimepashwa kikapoozwa ghafla, ngozi ya juu imekuwa ngumu, sasa mpelekee fundi wa leithi akereze, kisu chake kikigusa tu kinalia na makali yanaruka. Anakutukana wewe, anamtukana aliyeuza kisu, kumbe ni jiwe. Pawa hekso inakata kwa mapigo kati ya 60 na 140 kwa dakika, maji ya kupoozea yanamwagika juu, unagusa uso wa shafti kwa kiganja bila kuungua. Na muda wote huo wewe uko kwingine unapima kazi nyingine, swichi inazima yenyewe mkono ukifika chini.

Kwa anayefikiria kuchukua moja ya mtumba, hizi za Uingereza na India zinapatikana, usiangalie rangi. Shika mkono utikise kushoto kulia, ukicheza sana njia unazotelezea zimelika na itakata mshazari daima. Iwashe ikiwa tupu uangalie mkono ukirudi, usipoinuka haidroliki imekufa, muulize muuzaji bei ya sili, zile za kuzuia mafuta yasivuje, kwanza ndo mzungumze ya mashine. Weka skwea kwenye meno ya jiliwa, kile kibano cha kushikia chuma. Ukikuta mtu ametundika kipande cha reli juu ya mkono ili iende haraka, jua bledi zimeshavunjika nyingi hapo na fremu huenda imepinda.

Na bledi ikivunjika katikati ya kazi, usitie mpya kwenye njia ile ile. Ya zamani ilikuwa imelika pembeni, njia yake ni nyembamba, mpya ina upana kamili, itabanwa na itavunjika na yenyewe. Fungua jiliwa, geuza shafti nusu duara, anza upande wa pili mpaka mkutane.