Barua pepe za programu yangu zilivyoacha kuangukia kwenye barua taka

Wateja walikuwa wanajisajili, wanasubiri kiungo cha kuthibitisha akaunti, kisha wanapotea. Kiungo kilikuwa kimelala kwenye folda ya barua taka. Nilibadilisha kichwa cha barua, nikaondoa picha, nikapunguza viungo. Wapi!

Kilichosaidia ni kufungua chanzo kamili cha barua moja iliyotupwa huko. Kwenye matokeo ya uthibitishaji paliandikwa spf=permerror (kosa la kudumu), si fail (imeshindwa). SPF ni rekodi inayotaja nani anaruhusiwa kutuma barua kwa jina la kikoa chako, yaani sehemu inayofuata @ kwenye anwani. Yaani mtumaji hakukataliwa. Rekodi yenyewe ndiyo ilikuwa na kasoro. Kwenye DNS (mfumo unaohifadhi taarifa za kikoa) nikakuta rekodi mbili za TXT, yaani za maandishi, zinazoanza na v=spf1: moja ya barua za kampuni, nyingine ya huduma inayotumiwa na programu kutuma barua. Kila moja ilikuwa sahihi kivyake (hapo ndipo mtu anapodanganyika), lakini kikoa kinaruhusiwa moja tu. Nikaziunganisha hivi, nikafuta ya ziada:

v=spf1 include:huduma-ya-kwanza include:huduma-ya-pili ~all

TTL (muda ambao rekodi ya zamani huendelea kukumbukwa) ilipoisha nikajitumia barua ya majaribio: spf=pass, ikatua kikashani. Ukiongeza include nyingine (huduma nyingine inayoruhusiwa kutuma) baadaye, hesabu: ukomo ni utafutaji 10 wa DNS, zikizidi permerror inarudi.