Bosi Kaingia Hadi Ndani

Kampuni iliyoniajiri iko Nairobi. Wakati wa korona ilitwambia tufanyie kazi nyumbani, na mimi nikabaki huku huku kwetu Amu (Lamu). Watu hunionea wivu: mshahara wa Nairobi, samaki wa Amu! Kweli, msongamano wa Thika Road nausikia redioni tu, na adhuhuri nala chakula cha moto na mamangu. Mwili umeshukuru. Moyo ndio wenye maneno.

Nyumba yetu ni ya kale, ya mawe, huku mtaa wa Mkomani. Waliozijenga nyumba hizi walijua kuwapanga watu. Mgeni hukomea dakani, pale mbele ya mlango wa nje. Atakaa barazani, atapewa kahawa, ataeleza shida yake aende zake. Anayejulikana zaidi hufika kiwandani, yaani uani. Misana, zile kumbi ndefu, ni ya jamaa, na ndani ni pa wenyewe. Sasa mkuu wangu, asiyeujua hata mlango wetu, yuko ndani kabisa, kwenye simu iliyo kando ya mto wangu wa kulalia, saa nne za usiku: "Uko macho? Kuna kitu kidogo tu." (Hakijawahi kuwa kidogo.) Mamangu aliuliza, "Huyo hana kwao?"

Mchana nao, kwa kuwa niko nyumbani, huhesabiwa sina kazi. Nipokee gesi, nimshike mtoto wa dadangu, niende kwa fundi.

Ufaransa, tangu 2017, sheria inazitaka kampuni kubwa zijadiliane na wafanyakazi kuhusu haki ya kutojibu simu na barua pepe baada ya saa za kazi. Kwetu Kenya, seneta Samson Cherargei alitoa mswada wa namna hiyo 2022. Katika kundi letu la WhatsApp ulichekwa, tena usiku.

Kuna na upweke, hata nyumba ikijaa. Watafiti waliwafuatilia wafanyakazi wa kituo cha simu cha Ctrip, kampuni ya safari ya Uchina, huko Shanghai: waliokuwa nyumbani walifanya kazi zaidi kwa asilimia 13, lakini walipopewa nafasi ya kuchagua tena, wengi walirudi ofisini kwa sababu ya upweke. Nawaelewa. Mteja akinitukana, hapa hakuna wa kucheka naye.

Jirani yangu hufanya uhasibu mtandaoni, naye kilio chake ni hicho hicho. Tumekubaliana tukodi chumba karibu na Usita wa Mui, njia kuu ya mji, kodi tugawane, na laptopu zilale huko huko. Mamangu auliza kwa nini nilipe kodi na vyumba tele viko hapa. Bosi bado sijamwambia.