Nyumba moja, kaya sita

Jumapili jioni, masika

Hapa Mwanza mawingu yamejaa upande wa Bugando tangu alasiri, na mawazo yangu yamenasa kwenye kitu kimoja: daftari la tathmini, lile linaloandika walioathiriwa na mafuriko.

Mto Mirongo ukifurika, maji hushuka kutoka milimani kwa kasi, maana mawe hayanywi maji na mitaro imejaa mchanga na taka. Huingia ndani kwa dakika chache, na baada ya saa kadhaa yameshaondoka. Hapo ndipo mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wanapita kuandika. Swali la kwanza mara nyingi ni "nyumba ya nani?" Mabatini au Igogo, nyumba ya vyumba sita ina kaya sita, na kila moja ina jiko lake, magodoro yake na sare zake za shule. Daftarini inaingia nyumba 1, jina la mwenye nyumba, ambaye huenda anaishi Buhongwa na maji hayakumfikia. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, kwa hiyo wapangaji ndio wanaoilipa kila wanaponunua umeme, ingawa jengo si lao. Inauma kuwaona watu haohao hawahesabiki siku ya msaada.

Kwa hiyo wapangaji wajiandike wenyewe kabla daftari halijafika. Karatasi moja kwa nyumba nzima: jina la mkuu wa kila kaya, idadi ya watu, umri wa watoto, namba ya simu, chumba kipi, vitu gani vimeharibika. Nakala moja apewe mjumbe, nyingine mtendaji, na apokee kwa sahihi, tarehe na muhuri. Kabla ya kufuta alama ya tope ukutani, shikeni futi ya fundi mpime kutoka sakafuni, mpige picha futi ikiwa imesimama pale. Alama hiyo ndiyo shahidi wa kina cha maji, na ikishapigwa chokaa imekwenda.

Mkataba uliolowa usianikwe juani na usibanduliwe kwa haraka. Karatasi zikishikana na ukazivuta, wino unabaki upande usio wake. Zisuuze kwa maji safi kama zina tope, uzipige picha zikiwa bado mbichi, kisha uzilaze kivulini juu ya kanga kavu na kubadilisha kanga inapolowa. Zikikaribia kukauka, ziweke chini ya kitabu kizito zinyooke. Kwa vitambulisho vilivyopotea, anza polisi kuchukua losi ripoti, yaani hati ya taarifa ya upotevu. Bila hiyo huwezi kuomba kingine.

Usafi una mpangilio wake. Tope litoke kwanza kwa koleo na ufagio, kisha maji na sabuni, ndipo klorini. Ukimwaga klorini juu ya tope, tope linaimaliza nguvu na sakafu inabaki na vijidudu vilevile. Kwa dawa ya madukani ya asilimia 3.5, mililita 300 kwenye ndoo ya lita 20 zinatosha kwa sakafu na kuta. Iache dakika kumi, madirisha wazi, na usiichanganye na dawa nyingine ya choo. Godoro la sponji lililolowa maji ya choo litupwe hata kama ni jipya, kwa sababu katikati halikauki. Najua hilo ni gumu kumwambia mtu aliyelinunua juzi kwa mkopo wa kikoba.

Umeme unahitaji makubaliano ya nyumba nzima. Mita ni moja, swichi kuu ya koridoni ni moja, na mpangaji mmoja akiiwasha ili achaji simu, soketi yenye tope chumba cha tatu inaweza kuua mtu. Izimwe, funguo za koridoni ashike mtu mmoja, mpaka fundi afungue kila soketi iliyofikiwa na maji.

Halafu kuna kodi. Mwanza wengi hulipa miezi sita mbele, na maji yakija mwezi wa pili, mwenye nyumba husema pesa imeshaingia kwenye ujenzi. Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema, mkataba usipoeleza vingine, kwamba nyumba ikiharibika kwa ajali isiyotokana na uzembe wa mpangaji hadi isikalike, kodi inasimama au inapungua kwa kiasi cha uharibifu. Mwandikie barua mapema, taja tarehe na vyumba visivyokalika, mpe nafasi ya kujibu. Akikataa, nenda baraza la kata kwa usuluhishi. Siku 30 zikipita bila mwafaka, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya linapokea shauri. Huko mkataba usiolipiwa ushuru wa stempu hukwama mpaka ulipiwe, na mikataba mingi ya vyumba haijalipiwa.

Ziwa Victoria nalo lina mafuriko yake. Mei 2020 lilipita hata kiwango cha 1964, na maji ya namna hiyo hukaa miezi. Choo cha shimo hujaa kutokea chini, na kumwaga klorini kila siku hakusaidii. Kuhama ndiyo dawa. Tena vyumba vingi vya ufukweni viko ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, ambamo sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za watu, kwa hiyo mwenye nyumba hana hati na mpangaji wake hana pa kusimamia madai.

Hapo ndipo wageni wanapoumia zaidi. Aliyekuja dagoni, yaani kambi ya wavuvi, kutoka Ukerewe au Kagera, na jina lake halimo kwenye daftari la mtaa, anaambiwa akasaidiwe kwao. Mrundi au Mkongo anakwepa kituo cha muda shuleni akihofia kuulizwa kibali, analala kwenye mtumbwi na watoto. Msalaba Mwekundu huangalia hali ya mtu, hauulizi uraia, na wajumbe wanapaswa kulisema hilo kwa sauti, kwa Kiswahili na kwa Kirundi. Aliyepoteza hati ya kusafiria aanze na losi ripoti, kisha ubalozi wake. Burundi na Kongo zina konseli zao Kigoma, karibu kuliko Dar es Salaam.

Ngurumo ya kwanza imeshasikika. Vyeti viwe ndani ya mifuko miwili ya nailoni, imefungwa fundo na kuning'inizwa kwenye msumari juu ya mlango, na picha zake zitumwe usiku huu kwa ndugu anayekaa mlimani.