Siku samaki walipogeuka tangi

Uliza namna ya kupata jina la enamu ya Java (orodha ya majina maalumu ndani ya programu) kutoka kwenye thamani yake, na wa kwanza kujibu atakwambia, "Tumia valueOf, basi." Huyo hajawahi kusoma ubavu wa kontena.

Naandika programu za ofisi moja ya mawakala wa forodha hapa Mombasa, karibu na bandari ya Kilindini. Kila kontena lina msimbo wa aina yake kwa utaratibu wa ISO 6346: 22G1 ni la kawaida la futi 20, 42G1 la futi 40, 45G1 la futi 40 lile refu kwenda juu, 22R1 la baridi, 22U1 lililo wazi juu. Sasa, valueOf hutafuta jina kama ulivyoliandika kwenye enamu, na Java haikubali jina lianze na tarakimu. 22G1 ndiyo imekwisha hapo. Nilijaribu kutanguliza kistari cha chini, _22G1. Ilikubali, lakini programu ikawa kama daftari la namba za simu. Nikarudi kwa majina yanayosomeka na watu: KAVU_20, KAVU_40, KAVU_40_REFU, BARIDI_20, WAZI_20.

Hapo ndipo jamaa mmoja, juu ya viazi karai vya bure (nililipa mimi, kama mia mbili hivi), akanishauri nihifadhi ordinal() kwenye databesi. Yaani nafasi ya jina kwenye orodha, kuanzia sifuri. Nikaona huyu mtu ana akili! Miezi miwili mambo shwari. Kisha yakaja matangi, nami kwa mkono wangu nikalichomeka TANGI_20 baada ya yale makavu, kwa sababu pale lilipendeza.

Kesho yake asubuhi karani wa yadi akanipigia. Ni mtu mzima, mimi humwita Ami.

"Mwanangu, hii mashine ya kusaga nayo yataka kuchomekwa umeme?"

"Mashine gani, Ami?"

"Ile ya kontena lililo wazi. Karatasi yako yasema ni la baridi. Na samaki wamekuwa tangi."

Namba 3 iliyokuwa BARIDI sasa ilikuwa TANGI, na 4 iliyokuwa WAZI ikawa BARIDI. Samaki waliogandishwa walitolewa kwenye orodha ya umeme, kwa joto hili letu! Ami alikuwa ameshawachomeka kwa macho yake, Mungu ampe umri. Nilitumia siku mbili na bando lisilohesabika kusahihisha rekodi. Ordinal kwenye databesi, haramu.

Dawa yenyewe ni fupi. Kila jina lipe msimbo wake, KAVU_20("22G1") na wenzake, kisha tengeneza HashMap moja (kamusi ya programu) ya msimbo kwenda jina. Nilitaka kujifanya mjanja, kila jina lijiandikishe lenyewe humo ndani ya konstrakta (sehemu inayoliunda), kompaila ikanikatalia. Ina haki: majina ya enamu huundwa kwanza, na map iliyoandikwa chini yake bado haijazaliwa. Basi unajaza kwenye static bloku, chini ya majina, kwa kuzunguka values(), yaani orodha ya majina yote. Na put, ile amri ya kuandika kwenye map, ikirudisha kitu kisicho null (yaani si tupu), piga kelele papo hapo, maana majina mawili yamegombea msimbo mmoja. Mimi ilinikamata nilipokopi mstari nikasahau kubadilisha.

Kusema kweli, kwa majina sita hata lupu ya kawaida ingetosha, ila values() hutoa nakala mpya ya orodha kila ukiiita, na mimi nasoma mafaili yenye maelfu ya mistari. Usisahau trim() ya kukata nafasi za pembeni, Excel za watu zina nafasi zilizojificha mwishoni. Vijana wa Python watakucheka, wao huandika Kontena("22G1") wakapata jibu. Waache wacheke.

Msimbo usiojulikana sirudishi null. Narusha eksepsheni, yaani kosa linalosimamisha kazi, yenye msimbo wenyewe ndani. Juzi ilikataa 22GI. Nikampigia Ami: ameandika herufi I badala ya moja.

"Basi hiyo mashine yako," akasema, "ina macho kuliko miye."