Sangara wa Mwanza, Kibao cha Kenya

Duka moja la samaki hapa Hamburg limeweka kibao juu ya barafu: Viktoriabarsch, yaani sangara kwa Kijerumani, na chini yake, Kenya. Kilo ya minofu ni euro 24. Aliyezoea kununua sangara mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, apige hesabu mwenyewe, ila akae chini kwanza. Bei inauma, lakini kilichoniudhi ni hilo neno la chini, maana boksi lililofunguliwa pale pale lina alama ya duara refu mfano wa yai, na ndani yake herufi TZ na namba ya kiwanda.

Mlio huku na mnaojiandaa kuja, jifunzeni kusoma alama hiyo. Samaki wa maji baridi akiuzwa Umoja wa Ulaya, muuzaji anatakiwa aonyeshe jina la biashara, jina la kisayansi (sangara ni Lates niloticus), ziwa au mto alikovuliwa pamoja na nchi, aina ya zana iliyotumika, na kama aligandishwa kisha akayeyushwa. Herufi TZ, UG au KE ndani ya yai ni za nchi ya kiwanda, na kiwanda hakipewi namba bila kukaguliwa. Uwanja wa ndege haumo. Minofu ya Mwanza imekuwa ikienda kwa lori hadi Nairobi au Entebbe ndipo ipande ndege, na huko njiani jina letu hudondoka. Basi mwambieni muuzaji asome boksi, asisome karatasi za ndege. Ni haki yetu.

Lakini ndugu zangu, tukianza kubishana na Wakenya na Waganda samaki ni wa nani, tuseme na mengine. Kweli, Ziwa Victoria asilimia 51 ni letu Watanzania, Uganda 43, Kenya 6. Ila sangara mwenyewe si mwenyeji. Alitolewa Ziwa Albert miaka ya 1950 akamwagwa upande wa Uganda, akala furu, wale samaki wadogo wa asili wa ziwa, mpaka aina nyingi zikatoweka, na kwetu Mwanza alianza kuonekana kwa wingi miaka ya 1980. Kiwanda cha Ilemela kinaishi kwa samaki aliyepandwa kwa jirani.

Na hasara nayo huja kwa pamoja. Mwishoni mwa 1997 kipindupindu kilipozuka, Ulaya ilifunga mlango kwa samaki wabichi wa nchi zote tatu. Mwaka 1999 ikagundulika kuna watu wanaua samaki kwa sumu ya wadudu, mlango ukafungwa tena. Hakuna aliyeuliza sumu ilimwagwa ufuo wa nani. Aliyevua kwa nyavu halali Ukerewe alikosa mnunuzi sawa na mwenye sumu.

Ndiyo maana naona Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lililoundwa kwa mkataba wa 1994 na lenye makao Jinja, lina faida kwa mvuvi wa Igombe kuliko bendera yoyote. Chukua sheria ya kutovua sangara aliye chini ya sentimita 50, akipimwa kuanzia mdomo hadi ncha ya mkia. Dume hukomaa karibu na urefu huo, jike huchelewa zaidi. Ukimvua jike wa sentimita 40 umevua mayai ambayo hayajatagwa. Sasa Tanzania ikikamata nyavu haramu za timba, halafu timba hiyo hiyo iuzwe kwa uhuru ng'ambo, itavuka usiku kwa mtumbwi. Na timba ni balaa: ni uzi mmoja wa plastiki, ikichanika haishoneki, mvuvi anaiacha majini, nayo inaendelea kuua samaki ambao hakuna atakayewavuta.

Kwenye barafu ndiko fahari ya Mwanza inakopaswa kukaa. Kilo ya barafu kwa kilo ya samaki, ipondwe ndogo, itandazwe chini, katikati na juu. Anayebana barafu ili kuokoa hela hupoteza samaki: tumbo hulainika kwanza, kisha mnofu unageuka kahawia pembeni mwa ule mstari mwekundu wa damu unaopita katikati ya mnofu. Hapa dukani bonyeza kwa kidole. Shimo lisiporudi, ondoka, hata kama pameandikwa TZ.

Wanaosafiri huniuliza kuhusu dagaa. Samaki wa matumizi yako unaruhusiwa kuingia nao Umoja wa Ulaya hadi kilo 20, na akiwa mbichi lazima awe ametolewa matumbo. Nyama na maziwa haviruhusiwi, kwa hiyo samli ya bibi ibaki nyumbani. Nunua dagaa waliokaushwa kwenye chanja, waliokaushwa chini wana mchanga. Funga mifuko miwili, harufu isije ikahamia kwenye sweta lako pekee.

Kibao cha dukani bado kinasema Kenya. Jumamosi narudi na picha ya boksi.